Sabuni imeniangusha: mgongo umekamata ghafla, siku ya tatu siwezi simama wima

Swali lenyewe: "Daktari habari. Niko Bwera, miaka 41, nanunua na kuuza mahindi soko la Mpondwe, magunia nabeba mwenyewe. Jumatatu asubuhi nimeinama bafuni kuokota sabuni, kiuno kikakata kaa! nikapiga magoti mpaka mke akaja kunivuta kama mtoto. Leo siku ya tatu niko kitandani, kugeuka tu nalia. Yanashuka tako la kulia mpaka nyuma ya paja. Nikisimama napinda upande. Jamaa wa duka la dawa alinipiga sindano, ikashika masaa machache tu. Kaka yangu anasema ni figo, mama anasema nilale chini bila godoro wiki mbili, jirani anamjua mzee wa kuvuta mgongo. Nipige X-ray? Na nitapona kweli, watoto wanadaiwa pesa ya shule."

Pole sana ndugu yangu. Kabla sijakwambia lolote, hapo hapo ulipolala jiulize vitu vichache, na usione aibu, uko peke yako na simu yako. Mkojo unatoka kama kawaida, au unasimama unasubiri na hautoki, au unatoka bila wewe kujua? Ukijipangusa baada ya choo unahisi mkono wako, au pale katikati pamekufa ganzi, yaani zile sehemu zote zinazogusa siti ya baiskeli? Ganzi au udhaifu uko mguu mmoja au yote miwili? Alafu simama umeshika ukuta, jaribu kusimama kwa visigino, vidole vya mguu viangalie juu. Mguu wa kulia unakubali au unaanguka chini kama kiatu kisichofungwa?

Kama mkojo umeharibika, au hapo katikati pana ganzi, au miguu yote miwili inalegea, acha kusoma. Tafuta gari, siyo boda, uende hospitali ya Bwera usiku huu huu na uwaambie maneno hayo hayo ya mkojo na ganzi, usiseme tu "mgongo unauma" manake watakupa vidonge na kukurudisha nyumbani. Pale chini ya mgongo kuna fungu la neva ambalo madaktari kwa Kilatini wanaliita mkia wa farasi, na likibanwa lote pamoja na diski, yaani mto laini ulio kati ya mifupa ya mgongo, linataka upasuaji haraka, hesabu ni ya masaa, siyo ya wiki. Upasuaji huo ni wa hospitali kubwa kama Mbarara au Mulago, kwa hiyo kila saa unayopoteza nyumbani unaipoteza kabla hata ya safari kuanza. Ni kitu cha nadra sana, wengi wenu mnaoniandikia hamna. Ila nikikaa kimya juu yake halafu mmoja tu akawa nayo nitajilaumu, na wanaume hasa ndio wanaficha habari ya mkojo mpaka siku ya tano. Mguu mmoja ukianguka pale kwenye kisigino, hata kama mkojo uko sawa, hiyo nayo nenda uonwe kesho, usisubiri.

Kundi la pili la hatari haliji ghafla kama lako, linakuja polepole, lakini kwa Uganda lazima tulitaje. Maumivu ya mgongo ya wiki nyingi yanayokusumbua usiku hata ukiwa umetulia, na homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, mwili kukonda bila sababu, hapo tunafikiria TB ya mgongo. TB si ya mapafu tu, inakula pingili, ile mifupa ya uti wa mgongo, taratibu mpaka mtu anatoka kibiongo, Mwingereza Percivall Pott aliiandika tangu 1779 na bado tunayo mpaka leo. Vipimo na dawa za TB kwa vituo vya serikali ni bure. Ya pili ni brusela, ugonjwa wa vijidudu unaotoka kwa mifugo, na nyinyi watu wa Bwera na wilaya yote ya Kasese mko karibu na ng'ombe, mnaokunywa maziwa mabichi mnanielewa: homa inayokuja na kuondoka, viungo vyote vinauma, mgongo mbele ya vyote. Pia mtu aliyewahi kuwa na kansa, aliyeanguka na boda au kutoka juu ya lori, anayekunywa predinisoloni (dawa ya stiroidi ya kutuliza uvimbe) muda mrefu, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka, au anayeanza kuumwa hivi mara ya kwanza akiwa mzee, hao wote waonwe na daktari, wasijitibu kwa simu. Wewe kwa ulivyoandika sioni hata moja.

Sasa figo. Kaka yako asikasirike lakini hapa kwetu kila mgongo ni figo, mtu hata akilala vibaya kwa teksi ya usiku anaamka anasema figo. Figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu za nyuma, na haziulizi umeinama au umesimama. Mwenye jiwe kwenye njia ya mkojo hatulii, anajigeuza, anatembea, anachuchumaa, hakuna mkao unaomfaa, na mara nyingi mkojo una damu. Mwenye figo lenye maambukizi ana homa na kutetemeka. Wewe ukilala kimya yanapungua, ukijigeuza unalia, na yanashuka kwenye tako. Hiyo ni tabia ya mgongo wenyewe, figo ziache.

Kinachokushangaza, na nilikiona kwenye barua yako, ni ile sabuni. Mtu anabeba gunia la kilo mia miaka ishirini halafu anaangushwa na sabuni ya gramu mia mbili! Lakini ndivyo inavyokuwaga karibu kila mara, wagonjwa wangu wananiambia ni kiatu, ni chupi, ni kupiga chafya, mama mmoja alikuwa anachukua simu kwa chaja. Mimi mwenyewe ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, naelekeza watu jinsi ya kuinama kila siku, na mgongo ulinikamata nikishuka teksi Kampala na begi lenye kompyuta tu, nikabaki nimeshika mlango, kondakta ananiita mzee, mzee, unashuka ama hushuki, na nyuma yangu watu wanapiga kelele. Kwa gunia unajiandaa, unakaza tumbo, unavuta pumzi. Kwa sabuni hujiandai. Na asubuhi diski zimenyonya maji usiku kucha zimejaa, ndiyo maana binadamu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, kama sentimita moja hivi au zaidi, na mgongo unakuwa mgumu kukunja. Ukiweka hapo uchovu wa wiki nzima ya kubeba, kijiko cha mwisho kinamwaga beseni.

Na hiyo "kaa!" si mfupa kukatika. Kiunoni kuna pingili tano, katikati yake diski, pembeni viungo vidogo na mishipa ya kushikilia, na nyuma misuli minene. Kimoja hapo kimeshtuka, labda diski labda kiungo, na kusema ukweli hata tukiwa na mashine zote mara nyingi hatuwezi kusema ni kipi. Misuli ikisikia hatari inakaza yote kwa pamoja kukulinda, inakufunga kama plasta, ndiyo maana umepinda upande. Ukubwa wa maumivu hauko sawa na ukubwa wa jeraha, hilo lishike sana. Ni kengele ya gari inayolia mtaa mzima umeamka kumbe paka ameruka juu ya boneti. Na ile habari ya "diski imeteleza" nayo itupe, diski haitelezi kama sabuni yako, imeshonwa kwenye pingili, inaweza kuvimba au kupasuka kidogo na kugusa neva, na hata ikipasuka, nyingi zinanywea zenyewe kwa miezi, mwili unazila.

Kwa hiyo mama mwambie asante, ila wiki mbili kitandani hapana. Zamani hata sisi hospitalini tuliwalaza watu hivyo, juu ya mbao, na wakaamka wamelegea misuli na mgongo bado unauma. Siku ya kwanza, ya pili, lala pale panapokupa unafuu, sawa, lakini wewe uko siku ya tatu na leo unaamka. Sakafu nayo haina dawa, kama mkeka unakufaa kuliko godoro lililobonyea lala kwenye mkeka, shida ni kuinuka kutoka chini, utalia zaidi.

Kuinuka kwenyewe ni hivi, fanya pole pole na mwambie mke asikuvute mikono, huko kuvutwa mikono ndiko kunakuua. Lala chali, kunja magoti moja baada ya lingine mpaka nyayo zikanyage godoro. Vuta pumzi, toa, halafu geuka mzima mzima kama gogo, mabega na nyonga na magoti vyote kwa wakati mmoja, uangalie ukingo wa kitanda. Sasa teremsha miguu yote miwili nje ya kitanda na wakati huo huo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Miguu ikishuka ndiyo inakuinua, kama mizani ile ya kupimia mahindi. Kaa kidogo, usijikunje. Sogea mpaka ukingoni, mikono juu ya mapaja yako mwenyewe, panda juu ukisukuma mapaja. Itauma, lakini itauma nusu ya ulivyozoea.

Choo ndiyo shida ambayo hakuna mtu anaandika. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kwa mgongo huu ni adhabu. Chukua kiti cha plastiki kilichochakaa, mwambie fundi akate tundu katikati, weka juu ya shimo, au kile kiti cha mbao wanachotengenezewa wazee, ukishamaliza kitunze manake si wewe wa mwisho kwa nyumba hiyo. Kula mapapai, kunywa maji, kwa sababu kukaza tumbo chooni kunapandisha maumivu kweli kweli na dawa kali za maumivu zinafungisha choo. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, simama shika ukuta, rudisha mgongo nyuma kidogo kwanza.

Mchana, kila saa moja hivi amka utembee, hata kama ni mpaka mlangoni na kurudi, dakika tatu, tano, kesho mpaka barabarani. Kukaa kwenye kiti muda mrefu ndiko kubaya zaidi kwa wengi wenye maumivu kama yako, kwa hiyo usitoke kitandani ukaenda kukaa kwenye sofa mbele ya mpira. Kupumzika, lala chali miguu ukiipandisha juu ya kiti, magoti yamekunjwa, au ubavu na blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Maji ya moto kwenye chupa, funga na kitambaa isikuunguze, weka kiunoni dakika kumi na tano, inalegeza misuli vizuri na bei yake ni makaa tu.

Halafu jaribu kitu kimoja. Mwaka 1956 kule New Zealand mtu wa fizio anaitwa Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa mwenye mgongo na mguu ambao haukusikia dawa, akamwambia aingie alale kifudifudi, na kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, McKenzie hakuona, kwa hiyo jamaa akalala mgongo umekunjika kinyumenyume. Aliporudi akatarajia kelele, mgonjwa akamwambia mguu umepoa! Kutokana na hapo akatengeneza njia yake nzima. Wewe lala kifudifudi dakika mbili, tatu, kifua kwenye godoro. Kama inavumilika, weka viwiko chini uinue kifua kidogo, nyonga zibaki chini, tulia hapo. Sasa angalia mguu, usiangalie kiuno. Maumivu yakipanda kutoka paja kuja kwenye tako, na kutoka tako kuja katikati ya kiuno, ni habari nzuri hata kama kiuno kimeuma zaidi kidogo, endelea mara kadhaa kwa siku. Yakishuka kwenda chini ya goti, au ganzi ikaongezeka, acha, hiyo si yako, baki na kutembea tu. Si kila mgongo unapenda njia hii, ila jibu unalipata ndani ya siku moja na halina gharama.

Dawa. Kama huna vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha iliyopanda, huna ugonjwa wa moyo na hutumii dawa za kuzuia damu kuganda, ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, siku chache, inasaidia kiasi. Kiasi, siyo muujiza. Usichanganye na diklofenaki, ni ndugu wa tumbo moja, ukimeza zote mbili unaongeza vidonda tu, na hapo ndipo naichukia ile bahasha ndogo ya duka la dawa yenye vidonge vya rangi nne bila jina, manake mle ndani mara nyingi kuna diklofenaki na kuna stiroidi na wewe hujui. Akina mama wajawazito hizi si zenu, muulize mkunga. Panadol wengi wanaitegemea, lakini 2014 Waaustralia waliipima kwa watu zaidi ya 1,600 wenye mgongo uliokamata ghafla kama wewe, na waliopewa parasetamoli hawakupona haraka kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mimi nachukua kitu kingine kwa utafiti huo: makundi yote, wenye dawa na wasio na dawa, nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 17 hivi. Wewe uko siku ya tatu.

Sindano ya diklofenaki haina nguvu za ajabu kuliko kidonge, inakimbia kidogo tu mbele yake, na ikichomwa vibaya kwenye tako inagusa neva kubwa ya mguu, nimewahudumia watu waliokuja na mgongo wakaondoka na mguu uliopooza kwa sababu ya sindano. Moja umepata, inatosha.

Mzee wa kuvuta sitamtukana, wengine wana mikono mizuri, na kusuguliwa taratibu na mafuta ya moto kunaleta usingizi. Lakini yule anayekukanyaga mgongo au kukukunja mpaka ulie hajui kama ndani kuna TB au diski inayogusa neva, na wewe una maumivu kwenye mguu, kwa hiyo hapana. Na wembe wa kuchanja usikaribie ngozi yako.

X-ray nayo hapana, kwa sasa. Inaonyesha mfupa, na shida yako karibu hakika si mfupa. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaonyesha yote, inakula laki kadhaa, na inakutisha bure: 2015 walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa, na kwa wale wa miaka 40 asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa. Yaani ukipiga leo watakwambia diski imeisha, utaogopa kubeba hata mtoto, kumbe jirani yako anayecheza mpira nayo anayo. Pesa hiyo lipa shule. Tunapiga picha kama kuna zile ishara za hatari nilizoanza nazo, au mguu unazidi kupoteza nguvu, au wiki sita zimepita na huoni nafuu.

Utapona? Kiuno kwa wengi kinafunguka ndani ya wiki mbili tatu, mpaka sita. Mguu unachelewa, ukisikia bado unavuta mwezi wa pili usishtuke mradi nguvu iko. Na sitakudanganya, unaweza kukamatwa tena ndani ya mwaka, wengi wanakamatwa, ila mara ya pili hutaogopa hivi, na woga ndio unaokaza misuli kuliko kitu kingine. Najua wewe hulali kwa sababu ya pesa ya shule, na mtu asiyelala anaumwa mara mbili, hiyo si maneno ya kufariji, ubongo uliochoka kengele yake iko karibu.

Kwa hiyo sokoni rudi mapema kuliko unavyofikiri, siyo kubeba. Wiki ijayo ukiweza kutembea dakika kumi na tano nenda usimamie mizani, andika daftari, kijana abebe, ukichoka kukaa simama ukichoka kusimama tembea. Boda kwa barabara ile ya mashimo iache kwanza. Ukianza kubeba anza na jerikeni nusu, lita kumi, karibu na kifua, siku kadhaa, halafu lita ishirini, halafu gunia la debe mbili. La kilo mia bebeni wawili au tumia wilibaro, na hilo nakwambia hata ukishapona, siyo kwa sababu mgongo wako ni mbovu, kwa sababu kilo mia ni kilo mia. Mshipi wa kiunoni wanaouza mjini ukikupa ujasiri wiki ya kwanza vaa, lakini haukuzuii kuumia.

Kesho asubuhi, ukishakojoa, simama tena kwa visigino umeshika ukuta na uniandikie mguu wa kulia umefanyaje, na kama ulilala kifudifudi uniambie maumivu yalienda juu au chini.